Maswali Yenu: Shahada ya Uzamifu Ipo, Kiti cha Uhadhiri Hakipo

Barua za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sauti nyingi: mtu aliyesoma hadi uzamili au uzamifu, akakosa nafasi ya kufundisha, chuo kikuu kina kazi gani nyingine ya kumpa? Tumechagua saba. Majina ya walioandika tumeyaficha.

Hamjambo wahariri. Nina shahada ya uzamifu ya kemia, na kwa miaka mitatu nafundisha kwa muda katika vyuo vitatu. Malipo ya muhula huu huja baada ya mihula miwili, yakija. Nafasi za kudumu sizioni zikitangazwa. Je, nitoke chuoni kabisa? — Mkemia, Kahawa Wendani

Usitoke bado, ndugu. Kwanza ingia jengo la utawala la chuo kikuu chochote kikubwa hapa Nairobi usome vibao vya milangoni: utafiti na ruzuku, maadili ya utafiti, udhibiti wa ubora, miliki bunifu, mafunzo ya mtandaoni, maktaba. Nyuma ya vibao hivyo kuna madawati yanayomhitaji mtu aliyewahi kukusanya data kwa mikono yake, akaandika, akakosolewa, akaandika tena. Wengi hukosa kazi hizi kwa sababu hupeleka wasifu uleule wa uhadhiri, machapisho kurasa mbili na masomo waliyofundisha kurasa mbili. Dawati la ruzuku halina haja na orodha ya machapisho yako. Linataka kujua kama unaweza kuzuia andiko la mradi lisitupwe kwa kosa la karatasi moja.

Tukae kwenye dawati hilo, maana ndilo lililo karibu nawe. Kabla ya fedha kupatikana, afisa wa ruzuku husoma tangazo la mfadhili, huandaa bajeti pamoja na mtafiti, hukusanya sahihi na kutuma ombi. Fedha zikifika, hufuatilia matumizi, ripoti na wakaguzi. Tazama jambo dogo kama saa. Taasisi za Afya za Marekani, NIH, hufunga mlango saa kumi na moja jioni kwa saa za mahali alipo mwombaji. Chuo cha Nairobi hufungiwa saa kumi na moja ya Nairobi, na mtafiti anayedhani bado ana muda kwa kuwa Washington hakujafika jioni amekwisha kuchelewa. Mpango wa Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya kwa kawaida hufunga saa kumi na moja jioni ya Brussels. Huku kwetu hiyo ni saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi chao, na saa moja usiku wakati wa baridi yao.

Kisha kuna gharama za uendeshaji, ile sehemu inayolipia umeme, uhasibu na ofisi za chuo. NIH huipa taasisi iliyo nje ya Marekani asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja, lakini baada ya kutoa vifaa vikubwa. Bajeti ikiwa dola 200,000, na ndani yake mna mashine ya dola 30,000, unahesabu asilimia 8 ya dola 170,000, yaani dola 13,600. Asiyejua hupiga hesabu kwenye 200,000, akaandika 16,000, na hesabu yake si sahihi. Horizon Europe hutoa asilimia 25 bila kujadiliana, ukiacha kazi zilizotolewa kwa wakandarasi. Kila mfadhili ana kanuni zake, na hubadilika. Mwaka 2025 NIH ilisimamisha utaratibu wa zamani ambao taasisi ya Marekani ilipokea ruzuku na kumegea mshirika wake wa ng'ambo. Afisa asiyesoma matangazo ya namna hiyo huwapotezea watafiti miezi ya kazi.

Shida nyingine ni sarafu. Mapema mwaka 2024 dola moja ilikuwa takriban shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Mradi uliopanga kulipa mishahara ya shilingi milioni 16 kwa dola 100,000 ulijikuta na milioni 13. Wafanyakazi ni walewale, mikataba ni ileile, na milioni 3 hazipo. Afisa mzuri huweka kwenye bajeti kiwango cha tahadhari cha kubadilishia dola tangu mwanzo, akaandika sababu yake kwenye maelezo ya bajeti ili mfadhili asiulize.

Kuingia, fanya hivi. Tafuta tangazo la ruzuku lililo wazi katika fani yako. Andika ukurasa mmoja wa masharti yote: idadi ya kurasa, ukubwa wa herufi, kikomo cha fedha, viambatisho, nani anatia sahihi. Halafu mwombe mtafiti mmoja unayemfahamu umwandalie bajeti na maelezo yake bila malipo, mara mbili. Ukienda kwenye mahojiano na karatasi hizo tatu, unaongea lugha ya ofisi. Ujue pia ubaya wake. Nafasi nyingi za miradi hufa na ruzuku iliyozizaa, na shirika la USAID lilipofungwa mwaka 2025 mikataba mingi ya utafiti nchini iliisha kabla ya tarehe zake. Uliza kwenye mahojiano kama mshahara unatoka kwenye bajeti ya chuo au ya mradi, na mradi umebakiza miezi mingapi.

Nina uzamifu wa Kiswahili. Kila ninapouliza kazi naambiwa kuna kufundisha tu, au nikatafsiri barua za watu. Je, ofisi za chuo zina haja nami? — Mwanaisimu, Umoja

Zina haja kubwa, dada, kuliko zinavyojua zenyewe. Mlango ulio wazi zaidi ni sekretarieti ya kamati ya maadili ya utafiti. Utafiti unaohusisha watu hupita kwenye kamati iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kisha mtafiti huomba leseni kwa NACOSTI kwa mujibu wa sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013. Sekretarieti hupokea itifaki, yaani mipango ya utafiti, huzikagua kabla ya kwenda kwa wajumbe, huandika maamuzi, na hufuatilia kibali kinapokaribia kuisha, maana kwa kawaida hudumu mwaka mmoja.

Ukikaa hapo wiki moja utaona kinachorudisha itifaki nyingi. Idadi ya washiriki ni 384 kwenye andiko na 400 kwenye fomu. Mahali pa kuhifadhi data hapajatajwa, ilhali sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 ipo. Na fomu ya ridhaa haisomeki, hapo ndipo unapohitajika wewe. Fomu inasema washiriki watagawanywa makundi "kwa bahati nasibu", na mama wa Mathare anaelewa kwamba kuna zawadi ya kushindaniwa. Inafaa kusema: "Kundi utakaloingia halitachaguliwa na wewe wala daktari, ni kama kurusha sarafu." Fomu inasema "mililita 10 za damu", na msomaji hana picha yoyote. Andika "vijiko viwili vya chai". Dawa isiyo na kiambato huitwa "placebo", neno la Kilatini ambalo mshiriki halijui. Sema ni kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani.

Kazi hii ina utaratibu wake. Mtu wa kwanza hutafsiri, wa pili asiyeiona fomu ya mwanzo hurudisha tafsiri katika Kiingereza, kisha hulinganishwa mstari kwa mstari na tofauti zote huandikwa. Tengeneza jozi mbili za fomu kwa njia hiyo, ukiambatisha jedwali la tofauti na uamuzi uliochukua. Soma pia mafunzo ya maadili ya utafiti yanayotolewa mtandaoni upate cheti. Kamati nyingi hukidai hata kwa mjumbe wa kawaida. Usisahau nyumba za uchapishaji za vyuo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambazo huhitaji wahariri, ingawa nafasi huko ni chache.

Nimemaliza uzamifu wa uhandisi wa kilimo, na nimebuni kifaa cha kukaushia mahindi. Msimamizi wangu anataka tuchapishe haraka. Nimesikia kuna kazi ya kusimamia uvumbuzi vyuoni. Vyote viwili vinahusianaje? — Mhandisi, Juja

Vinahusiana kwa tarehe. Ombi la hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, huwasilishwa KIPI, taasisi ya mali ya viwandani ya Kenya, chini ya sheria ya mali ya viwandani ya mwaka 2001, na hataza hudumu miaka 20 kuanzia siku ya kuwasilisha. Kenya humsamehe mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba. Ulaya haikusamehei: ukichapisha makala leo na kuomba kesho, umekwisha kukosa. Ukishawasilisha Kenya, una miezi 12 ya kuomba kwingine ukihesabiwa tarehe yako ya kwanza.

Afisa wa miliki bunifu chuoni hulinda hasa tarehe hiyo. Na kinachovujisha uvumbuzi mara nyingi ni tasnifu. Mwanafunzi anatetea, maktaba inapandisha tasnifu kwenye hazina ya mtandaoni wiki inayofuata, na dunia nzima imeshaisoma kabla profesa hajapiga simu. Dawa yake ni fomu ya kurasa mbili ya kufichua uvumbuzi, ijazwe kabla ya utetezi, na maktaba iombwe kuizuia tasnifu kwa muda. Bango la kongamano na muhtasari wake ni vivyo hivyo. Mgeni wa kampuni akija kuona kifaa, atie sahihi mkataba wa usiri kabla mlango wa karakana haujafunguliwa. Basi mwambie msimamizi wako: ombi kwanza, makala baadaye. Kama kifaa ni uboreshaji mdogo, uliza kuhusu cheti cha modeli ya matumizi, chenye muda wa miaka 10. Mwenzako aliyezalisha aina mpya ya mahindi haendi KIPI. Haki za wazalishaji wa mimea husimamiwa na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea.

Kuhusu kazi: chukua uvumbuzi mmoja, tafuta kwenye Espacenet, hazina ya hataza ya mtandaoni ambayo ni bure, hataza zilizotangulia zinazofanana nao, halafu andika kurasa mbili ukionyesha madai yapi bado yako wazi. Hapo ndipo wahandisi huwashinda wanasheria. Vituo vya kubisha hodi vipo, kama C4DLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kituo cha Chandaria cha Chuo Kikuu cha Kenyatta na @iLabAfrica ya Strathmore.

Nina uzamifu wa usimamizi wa elimu. Nimeomba nafasi ya Naibu Msajili mara mbili na sikuitwa hata kwa mahojiano. Shahada yangu ina kasoro gani? — Msomaji, Ruaka

Shahada haina kasoro. Waombaji huchujwa kwa jedwali: kila sharti la tangazo lina safu yake, kila mwombaji ana mstari wake, na alama moja ikikosekana mstari unaanguka. Ngazi huanza kwa Msajili Msaidizi, akafuata Msajili Msaidizi Mwandamizi, Naibu Msajili, kisha Msajili. Tangazo la Naibu hudai miaka kadhaa katika ngazi iliyo chini yake, au cheo kinacholingana nacho. Uzamifu haujazi safu hiyo. Tunajua inauma kuomba chini ya elimu yako, lakini ingia kwa Msajili Msaidizi. Huko uzamifu huanza kukusaidia wakati wa kupanda. Kama umewahi kuratibu programu au kuwa katibu wa kamati ya mitihani, iandike kama kazi ya utawala, kwa tarehe na barua ya uteuzi.

Kwenye mahojiano utaulizwa kuhusu alama zinazopotea, jambo linalowaliza wanafunzi wetu kila msimu wa mahafali. Usijibu kwamba utaleta mfumo mpya wa kompyuta. Onyesha unajua zinakopotelea. Mwanafunzi alifanya mtihani wa somo ambalo hakujisajili, kwa hiyo mfumo hauna mahali pa kuweka alama. Mtaala ulipopitiwa, msimbo wa somo ulibadilika, na alama zikaingia chini ya msimbo wa zamani. Mhadhiri wa muda hajalipwa, hivyo amekaa na karatasi. Kila sababu ina mlango wake: ya kwanza hushughulikiwa wiki ya tatu ya muhula kwa kulinganisha orodha ya darasani na ya mfumo, ya pili kwa jedwali la misimbo linaloidhinishwa na idara kabla ya mtaala mpya kuanza, ya tatu katika ofisi ya fedha. Anayejibu hivyo anasikika kama mtu aliyekwisha kukaa kwenye kiti.

Nina uzamili wa hisabati na nilifundisha sekondari miaka tisa. Nasikia vyuo vinatafuta watu wa mafunzo ya mtandaoni. — Mwalimu, Kayole

Ni kweli, mwalimu, na miaka yako tisa ni mali. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2023, na vyuo vingine vina skuli zao za mtandaoni. Jenga wiki moja ya somo kwenye Moodle, programu ya kufundishia mtandaoni ambayo haina malipo: malengo matatu, video za dakika sita hadi nane, maswali 20 yenye maelezo kwa kila jibu lisilo sahihi, na kazi moja ya kujadiliana. Kosa la wageni ni kurekodi mhadhara wa saa nzima. Mwanafunzi anayesoma kwa simu na bando la siku ataifungua mara moja tu. Weka kando ya kila video maandishi yake, yawe mepesi kupakua. Jaribu kwa watu watano kabla ya kuomba kazi, uandike walikokwama.

Nina uzamifu wa mikrobiolojia. Naweza kusimamia maabara ya chuo? — Mtafiti, Kangemi

Maabara ya utafiti, ndiyo. Ile inayopima wagonjwa huhitaji usajili wa bodi ya wataalamu wa maabara za tiba, KMLTTB, na uzamifu haukupi usajili huo. Soma tangazo ujue ni ipi kabla ya kutuma.

Nimepewa kazi ya kusimamia data katika mradi wa chuo. Wanasema ni "ushauri wa kitaalamu", shilingi 180,000 kwa mwezi, lakini natakiwa kuwa ofisini saa mbili hadi saa kumi na moja kila siku. Nitie sahihi? Tena wanataka vyeti vyote kwanza. — Mama wa Wawili, Rongai

Pole, mama, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kalamu. Ukiwa mshauri watakata kodi ya zuio asilimia 5, yaani shilingi 9,000, upokee 171,000. Inapendeza mwezi wa kwanza. Lakini ile 5 ni sehemu tu ya kodi yako. Salio utalilipa mwenyewe, na ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, huwasilishwa kufikia tarehe 30 Juni. Michango ya SHA (bima ya afya) na NSSF (akiba ya uzeeni) ni juu yako. Likizo hakuna, na ukipata mtoto wa tatu hakuna likizo ya uzazi.

Ukiwa mwajiriwa kwa mshahara huohuo, utakatwa kodi ya mapato, asilimia 2.75 ya SHIF, mfuko wa bima ya afya wa SHA, ambayo ni shilingi 4,950, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, shilingi 2,700, mwajiri akiongeza 2,700 zake. Mkononi utabakiwa na kidogo kuliko 171,000. Badala yake sheria ya ajira ya mwaka 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka na miezi mitatu ya uzazi kwa malipo. Mikataba mingi ya umma huongeza kiinua mgongo, mara nyingi asilimia 31 ya mshahara wa msingi, hulipwa mwishoni.

Mtu anayepangiwa saa, akapewa dawati na kompyuta, akaripoti kwa msimamizi, huyo ni mwajiriwa hata karatasi iseme vingine. Waandikie kwa upole: "Kwa kuwa mmenipangia saa na mahali pa kazi, naomba mkataba wa ajira wa muda maalumu." Wakikataa na bado unaitaka kazi, usikubali 180,000. Ongeza juu yake likizo, kiinua mgongo na bima utakazojilipia, kisha udai jumla hiyo. Omba pia siku 30 za notisi kwa pande zote mbili na tarehe ya malipo iandikwe. "Baada ya fedha kufika" si tarehe.

Kuhusu vyeti vya DCI (upelelezi wa jinai), HELB (mikopo ya elimu ya juu), KRA (kodi), EACC (maadili na kupambana na rushwa) na CRB (rekodi za mikopo): sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asiwadai waombaji vyeti hivyo kabla ya kukusudia kuwapa mkataba wa ajira wa maandishi. Wakikubali kukupa mkataba wa ajira, wanayo haki. Anza na cheti cha tabia njema cha DCI kupitia eCitizen, maana ndicho chenye alama za vidole na foleni. Cha KRA hutoka haraka kama ritani zako zote zipo, hata zile za miaka uliyokuwa huna mapato. Uliosahau ndio utakaokuzuia, basi ingia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, leo usiku uhesabu mwaka baada ya mwaka.